Kamati mpya, grini zilezile: kutafuta chanzo pale klabu ya gofu inapobadilisha viongozi kila mara

Wanachama wa klabu ya gofu hawalalamikii viongozi kubadilika. Wanalalamikia nyasi. Grini (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo na bendera) ya shimo la 7 imekufa tena, mchanga wa bunka, yale mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji, umeshikana kama saruji, ada imepanda lakini uwanja uko palepale. Nimekaa miaka tisa kwenye kamati ya uwanja ya klabu moja ya wanachama, chini ya wenyeviti watano. Siku hizi nikisikia lalamiko la nyasi, swali langu la kwanza ni hili: kamati hii ina umri gani?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kapteni hukaa mwaka mmoja, mwenyekiti wa kamati ya uwanja miwili au mitatu. Grini hudumu miaka 15 hadi 30 kabla ya kuhitaji kujengwa upya. Mti ukianza kuua nyasi kwa kivuli chake, aliyeupanda keshaondoka kwenye kamati na pengine keshazikwa. Kwa hiyo kosa la leo huonekana kwenye kipindi cha mtu mwingine, naye ndiye anayelaumiwa, na akijitetea anaambiwa anatafuta visingizio.

Nimeyapanga mambo kwa lalamiko jinsi linavyosikika baa ya klabu. Chini ya kila lalamiko nimetanguliza sababu inayotokea mara nyingi, na zile za nadra zinafuata.

Kabla ya kugusa chochote: karatasi moja

Chukua karatasi pana, chora mstari wa miaka 15. Juu ya mstari andika makapteni, wenyeviti wa kamati na mameneja wa uwanja, na miaka waliyoingia na kutoka. Chini yake andika kila kilichofanywa uwanjani: miti iliyopandwa, bunka iliyosogezwa, mchanga uliobadilishwa, utoboaji wa grini ulioahirishwa, mashine zilizonunuliwa. Habari hizo zimo kwenye mihtasari ya vikao, kwenye ankara na vichwani mwa wafanyakazi wa zamani. Anza na hao wafanyakazi. Mkata nyasi wa miaka ishirini anajua mengi kuliko kabati la ofisi, ila hakuna anayemwuliza.

Kazi hii ilinichukua Jumamosi mbili. Kama mabadiliko ya chini yanarundikana miezi michache tu baada ya jina jipya kuingia juu, ugonjwa umeuona. Kama hayafuatani kabisa, basi huenda kweli ni nyasi.

"Grini zilezile zinakufa kila mwaka"

Watu wote hukimbilia fangasi. Fangasi wapo, lakini mara nyingi wanakuja kumalizia nyasi iliyokwisha kudhoofika. Anza na haya.

*Utoboaji umeahirishwa.* Hii ndiyo inayoongoza kwa mbali. Grini hukanyagwa na kushindiliwa, mabaki ya majani na mizizi iliyokufa yanajikusanya juu, maji na hewa vinakosa njia. Dawa yake ni kutoboa matundu na kumwaga mchanga, na baada ya hapo grini hupooza wiki mbili tatu kabla ya kupona. Hakuna kapteni anayezitaka wiki hizo katika mwaka wake wa pekee. Anaomba isogezwe mbele ya mashindano yake, ikisogea inakutana na mashindano mengine, mwisho inafutwa "kwa mwaka huu tu". Angalia karatasi yako: mara ngapi "mwaka huu tu" imeandikwa katika miaka mitano iliyopita? Kwetu ilikuwa mara tatu. Tiba ni kuingiza tarehe za utoboaji kwenye kalenda ya klabu kwanza, miaka mitatu mbele, halafu mashindano yapangwe kuzizunguka.

*Kivuli.* Nenda kwenye grini inayosumbua saa moja asubuhi, rudi saa tatu, rudi saa tano. Kila mara piga picha ukiwa umesimama mahali pamoja. Nyasi zinahitaji sana jua la asubuhi, kwa hiyo mti ulio upande wa mashariki ndio wa kuutilia shaka kwanza. Kukata matawi ya chini kunasaidia kidogo. Mara nyingi lazima mti wenyewe uondoke, na hapo ndipo vita huanza, maana kuna kibao cha shaba cha ukumbusho kwenye shina lake.

*Kasi.* Siku hizi kila mtu anadai grini za haraka, na kipimo chake ni Stimpmeter, ile reli ya kuteremshia mpira ili uone unabingirika futi ngapi. Edward Stimpson aliibuni mwaka 1935, baada ya kuona mpira wa mchezaji Gene Sarazen ukipitiliza nje ya grini kwenye mashindano ya US Open pale Oakmont, klabu ya Pennsylvania, Marekani. USGA, chama cha gofu cha Marekani, iliiboresha, na mwaka 1978 ikaanza kuwapa mameneja wa viwanja ili wazifanye grini za uwanja mmoja zilingane. Vipimo vilivyochukuliwa Marekani miaka hiyo vilitoa wastani wa futi 6 na nusu hivi. Leo mwanachama anayemaliza raundi kwa mapigo 95, yaani asiye hodari, anataka futi 11.

Mwenyekiti mpya akitaka kuonekana amefanya jambo, njia ya mkato ni kushusha visu vya mashine. Kutoka milimita 3.5 hadi 3 kunasikika kama si kitu, lakini ni sehemu ya saba ya jani lililokuwa limebaki. Kwa wiki mbili anasifiwa, kisha linakuja joto. Muulize fundi wa mashine visu vimewekwa kimo gani, nani aliagiza na lini. Kama jibu la swali la pili ni mtu asiye meneja wa uwanja, umeshapata lalamiko lingine la kushughulikia; lipo hapo chini.

*Matabaka ya mchanga.* Hii haionekani ukiwa juu ya grini, na mimi binafsi ndiyo iliyonifungua macho. Chukua kile kifaa cha kukatia shimo la bendera, kata kipande cha sentimita 20 kwenda chini, kilaze juu ya ubao, ukipasue katikati kwa kisu. Kipande chetu cha grini ya 7 kilikuwa hivi: juu mchanga mweupe, laini kama chumvi ya mezani, sentimita mbili. Chini yake ukanda mweusi wenye unene wa kidole, unaonuka yai viza. Halafu mchanga wa chengachenga, kisha wa kahawia, kisha udongo wa asili. Mizizi ilikuwa imeshuka hadi kwenye ukanda mweusi, ikakunja, ikatambaa kwa pembeni.

Niliweka kile kipande juu ya ile karatasi ya miaka 15. Mchanga mweupe ulikuja na mwenyekiti wa nne, aliyepata muuzaji wa bei nafuu. Ule wa chengachenga ulikuwa wa mwenyekiti wa pili. Wa kahawia ulikuwa wa kabla ya mstari wangu kuanza. Mchanga wa punje za ukubwa tofauti ukilazwa mmoja juu ya mwingine, maji hukwama kwenye mpaka wao, hewa inakosekana, na ukanda mweusi ndio matokeo. Tulikuwa tumenunua dawa za fangasi kwa misimu minne ilhali tunda la kamati tatu lilikuwa limelala pale chini.

Tiba yake haina haraka. Chagua mchanga mmoja uliopimwa maabara na kulingana na ulio chini, uandike kwenye sera ya uwanja kwamba haubadilishwi bila ripoti ya maabara, kisha toboa kwa kina na kujaza mchanga huo mwaka hadi mwaka. Sisi tulianza kuona mizizi ikivuka ukanda ule msimu wa tatu.

*Mifereji ya chini imeziba, au grini imechakaa.* Weka hii mwisho. Grini iliyojengwa kwa vipimo vya USGA ina sentimita 30 za mchanganyiko wa mchanga juu ya kokoto na mabomba, na mabomba hayo yana mdomo mahali fulani. Utafute mdomo huo baada ya mvua kubwa. Ukiwa mkavu wakati grini imeloa, mfereji umeziba.

Simama hapa. Kama zaidi ya robo ya grini imepotea ndani ya siku chache, msipulize dawa ya pili kwa kubahatisha. Tumeni sampuli maabara na mwite mtaalamu wa nyasi asiye muuzaji wa dawa. Hilo neno "asiye muuzaji" lisomeni mara mbili. Na kujenga grini upya kusiamuliwe na kamati peke yake hata kama ina mhandisi ndani yake. Yetu ilikuwa na wawili, wa barabara wote.

"Mameneja wa uwanja hawakai"

Klabu yetu ilipitisha mameneja watatu ndani ya miaka sita. Kila aliyeondoka alisemekana kuwa na kasoro yake: wa kwanza mkaidi, wa pili mzembe, wa tatu "hakuelewa utamaduni wetu". Watu watatu wakijikwaa kwenye ngazi moja, iangalieni ngazi.

Sababu kuu ni mabosi wengi. Jipimeni hivi: mwombeni meneja ataje watu waliompa agizo la kazi wiki iliyopita, kwa mdomo, kwa simu au kwenye kundi la WhatsApp. Wakizidi mmoja, sababu ni hiyo. Wetu wa tatu alitaja saba, akiwemo mke wa kapteni mstaafu, aliyetaka maua ya tii ya kwanza, pale wachezaji wanapoanzia kupiga, yabadilishwe rangi. Njia iwe moja: kamati huzungumza kupitia mwenyekiti wake, mwenyekiti na meneja wa uwanja wakutane siku maalum kila wiki, na walichokubaliana kiandikwe. Mwanachama mwenye lake aandike kwa katibu.

Ya pili ni shabaha inayohama. Mwenyekiti wa kwanza anataka uwanja mkavu na mgumu, anayefuata anautaka kijani kama zulia, wa tatu anataka bunka zichanwe kwa reki kila asubuhi bila kuongeza mtu hata mmoja. Meneja anayeajiriwa na wa kwanza anahukumiwa na wa tatu. Hapa ndipo panahitajika waraka wa kiwango cha uwanja: kurasa nne au tano, uliopigiwa kura na mkutano mkuu, unaosema kimo cha kukata kwa kila eneo, kasi ya kawaida ya grini na ya siku za mashindano, bunka zinachanwa mara ngapi, na kazi hiyo inahitaji watu wangapi. Kifungu cha idadi ya watu ndicho klabu nyingi hukiruka. Bila hicho waraka ni orodha ya matamanio tu.

Ya tatu, bajeti kukatwa katikati ya msimu. Ya nne ndiyo mshahara, na wengi hushangaa kuiona huku chini. Katika mazungumzo yangu na wale watatu baada ya wao kuondoka, mmoja tu ndiye aliyetaja pesa, tena mwishoni, tukiwa tumeshamaliza chai.

Marekebisho ya ndani zaidi yamo kwenye katiba ya klabu. Vipindi vya wajumbe wa kamati ya uwanja viwe vya miaka mitatu hadi mitano na visiishe vyote kwa pamoja, ili kila uchaguzi uwabakize wanaojua kwa nini jambo fulani liliamuliwa. Mwenyekiti anayekuja akae mwaka mzima kama makamu kabla ya kushika kiti. Kipya kinyemi, lakini kinyemi hiki kinalipiwa na uwanja.

Simama hapa. Msimfukuze meneja wakati wa joto kali au katikati ya ugonjwa wa nyasi. Kwanza mtaalamu huru atembelee uwanja na kuandika ripoti. USGA ina kitengo cha nyasi tangu 1920 chenye washauri wa kazi hiyo, na vyama vya gofu vya nchi nyingine hutoa huduma kama hiyo. Na barua ya kuachisha kazi ipitiwe na mwanasheria wa ajira kabla haijaandikwa, maana ikishatumwa mnalipia.

"Kila kapteni anatuachia kumbukumbu"

Bunka mpya kwenye shimo la 3 kwa sababu kapteni hupiga mbali. Bunka hiyohiyo kufukiwa kwa sababu kapteni aliyefuata hupiga karibu. Tulipochimba mtaro wa umeme pembeni mwa feawei hiyo, ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea grini, tulikuta mabomba ya bunka ya rangi tatu, kila moja likielekea kwenye bunka isiyokuwepo.

Chanzo cha kawaida ni kwamba hakuna kinachokataza. Someni katiba: je, kuna kifungu kinachosema mabadiliko ya kudumu yanahitaji kura ya bodi na maoni ya msanifu wa viwanja? Kisipokuwepo, kiandikwe. Mahali pengi hilo linatosha, kwa sababu wengi hawana nia mbaya, wanataka tu kukumbukwa. Wapeni kitu kingine: kikombe, benchi, picha ukutani. Mti usiwemo.

Juu ya miti, mfano unaotajwa zaidi duniani ni Oakmont yenyewe. Henry Fownes aliufungua mwanzoni mwa karne ya 20 ukiwa uwanja mtupu, wa upepo. Katikati ya karne kamati zilipanda miti kwa maelfu, ukawa bustani. Miaka ya 1990 klabu ikaanza kuikata, mwanzoni kimyakimya kabla ya alfajiri, vumbi la msumeno likiondolewa wanachama wasijapata kahawa. Wanachama walipogundua waligawanyika vibaya. Maelfu ya miti yalikuwa yameondoka kufikia US Open ya 2007, na nyasi zilifurahi. Watu hutaja kisa hiki kuhalalisha kukata kwa siri. Mimi nakiona kwa upande mwingine: siri ilihitajika kwa sababu hapakuwa na waraka uliokubaliwa wa kuelekeza uwanja uweje. Klabu ya kawaida ikikamatwa na msumeno saa kumi alfajiri, kinachofuata ni mkutano mkuu wa dharura na mwenyekiti mpya. Mnarudi palepale.

Simama hapa. Mti mkubwa wenye tawi kavu juu ya njia ya wachezaji ni kazi ya mtaalamu wa miti mwenye bima, si ya wafanyakazi wa uwanja na ngazi. Ulizeni pia kama sheria za mazingira za eneo lenu zinataka kibali.

"Grini zimekuwa ndogo"

Kweli zimekuwa ndogo, hamuoni vibaya. Anayekata nyasi huogopa kugusa ukingo, anaacha upana wa kidole ndani ya mpaka. Akija mwingine naye anaacha kidole chake. Baada ya miaka 30 pembe nzuri za kuwekea shimo zimemezwa. Tafuteni picha za zamani za angani, mzilinganishe na za sasa, kisha rangi ya kuchorea nyasi ipite kwenye mpaka wa asili na mashine ishuke polepole, milimita kwa milimita, msimu mzima au miwili. Kama sehemu iliyomezwa imebadilika aina ya nyasi, itabidi kubandika vipande vipya. Hakuna haja ya kuita mtu, ila picha zikikosekana, msanifu anaweza kuusoma mpaka wa zamani kwenye mteremko wa ardhi.

"Kila mwaka ni mchango wa dharura"

Mabomba ya umwagiliaji hayapasuki kwa ghafla. Yanazeeka kwa ratiba. Chama cha wasanifu wa viwanja cha Marekani, ASGCA, kinatoa makadirio yanayosaidia: mchanga wa bunka miaka 5 hadi 7, mifereji ya bunka 5 hadi 10, mfumo wa umwagiliaji 10 hadi 30. Orodhesheni kila kilichopo, mwaka kilipowekwa, miaka iliyobaki. Gawanyeni gharama ya kukibadilisha kwa miaka hiyo. Jumla ndiyo inayopaswa kuingia kwenye mfuko wa akiba kila mwaka.

Mkilinganisha jumla hiyo na kinachowekwa sasa mtajua kwa nini wenyeviti hawaipendi orodha hii. Ada ikiongezwa leo, bomba litabadilishwa katika kipindi cha mwingine. Sababu nyingine, ya pili kwa ukubwa, ni kwamba mfuko upo ila huchotwa kwa ajili ya jiko na mapazia ya ukumbi. Ufungeni kwa akaunti tofauti na saini za watu wa vipindi tofauti.

Simama hapa. Kama fedha za mfuko hazilingani na vitabu, msichunguzane wenyewe. Leteni mkaguzi wa nje. Na nyumba ya pampu yenye maji sakafuni haiingiwi kabla fundi umeme hajakata umeme, hata kama grini zinakauka.

"Mwenyekiti wetu haondoki"

Hili huletwa mara chache, kwa sauti ya chini. Augusta National, klabu ya Marekani inayoandaa mashindano ya Masters, ilikuwa na wenyeviti 7 tu kuanzia 1934 hadi Fred Ridley, wa saba, alipoingia 2017, na wa kwanza, Clifford Roberts, alikaa zaidi ya miaka 40. Watu huutumia mfano huo kumtetea mkongwe wao. Augusta, hata hivyo, ina pesa ambazo klabu yenu haina.

Kipimo ni kimoja. Muulizeni meneja wa uwanja valvu kuu ya mashimo tisa ya mwisho iko wapi. Akisema "mzee ndiye anayejua", msianze na uchaguzi. Tafuteni asubuhi mzee akiwa na afya na hana haraka, mtembeze uwanja mzima kwa kigari, mmoja akiwa na ramani na mwingine akirekodi kwa simu. Kila anaposimama na kusema "hapa chini kuna", pigeni kigingi chenye namba. Sisi tulipiga vigingi 41, na kimoja kilikuwa katikati ya grini ya 7.